Mtoto anamimina maji shuleni, daftari hana: anasoma au anacheza?

SWALI: Binti yangu ana miaka minne na miezi minne. Tangu Januari yuko kwenye shule inayojiita ya Montessori hapa Tanga. Akirudi namuuliza leo umefanya nini, ananijibu nimemimina maji, au nimeosha meza. Daftari hana hata moja. Mtoto wa jirani, umri ule ule, anaandika 1 mpaka 100 na A mpaka Z. Mume wangu anasema tunalipa ada mtoto akaoshe vyombo, kazi ambayo hata nyumbani ipo. Je, kuna elimu humo au tumeibiwa? Akifika darasa la kwanza hatabaki nyuma? Nimtafutie mwalimu wa tuisheni?

JIBU: Dada yangu, nianze na la haraka. Mwalimu wa tuisheni usimtafute. Kwa mtoto wa miaka minne ni pesa ya kutupa, na wengine huwatia chuki ya penseli kabla hata hawajaijua. Hayo mengine mawili yanataka maelezo, maana shemeji ana hoja, ila ameielekeza mahali pasipo pake. Anaipima shule kwa daftari. Mimi kazi yangu ni kuwafunda walimu wa chekechea, na nimeingia darasa ambalo kila mtoto ana madaftari manne na hakuna anayejifunza kitu, nikaingia na darasa lisilo na daftari hata moja, nalo vilevile hakuna anayejifunza kitu. Daftari halikuambii.

Chukua huyo mtoto wa jirani. Siku akija kwenu kucheza, mwaga vizibo vya soda kama kumi na tano mkekani, umwambie akupe saba. Kisha panga mafungu mawili, moja la vizibo vitano vilivyotawanywa, jingine la saba vilivyobanana, umuulize lipi lina vingi. (Ufanye mchezo, tafadhali. Usimtahini mtoto wa watu mbele ya mama yake, mkaja kununiana kwa ajili yangu.) Wapo wanaojibu bila shida, na huenda huyu ni mmoja wao. Lakini wengi wanaoandika 1 mpaka 100 hukwama hapohapo. Ukitaka kujua kwa nini, mtazame mmoja wao anapoandika. Akifika ishirini, utaona anashusha 2 zote kumi kwanza kutoka juu hadi chini ya ukurasa, halafu anarudi juu na kuzijazia 0, 1, 2, 3 mpaka 9. Ukurasa unapendeza, mwalimu anapiga vema, mzazi anafurahi. Kuhusu ishirini na tatu hakuna alichojifunza, hata kwamba ni kubwa kuliko kumi na tisa.

Montessori ni njia ya kufundisha ambayo mtoto hujifunza kwa kushika zana na kuchagua kazi mwenyewe. Kwenye darasa la namna hiyo lililokamilika, namba huja kwa mikono kwanza. Kuna fimbo kumi, ya kwanza ina sentimita 10 na ya mwisho ina mita nzima, kila moja imegawanywa kwa rangi mbili zinazopokezana. Mtoto anaibeba fimbo ya saba, anaiona ni ndefu kuliko ya nne, anagusa kila kipande akihesabu. Baadaye zinakuja shanga: ushanga mmoja, kijiti cha shanga kumi, bapa la shanga mia, na mchemraba wa shanga elfu ambao mtoto huubeba kwa mikono miwili kwa sababu ni mzito. Elfu ni nzito, moja haina uzito wowote. Hilo huhitaji kumweleza. Tarakimu zinafuata baada ya hapo, na zikifika zinakuta mahali pa kukaa.

Sasa hayo maji. Mtoto anayemimina maji kutoka jagi dogo kwenda bilauri mbili hadi mstari uliochorwa anazungusha kifundo cha mkono, anatumia vidole kudhibiti uzito unaobadilika, na anafuata hatua kwa mpangilio bila kusimamiwa. Akimwaga, meza inamwonyesha. Hahitaji mtu mzima kumwambia umekosea. Anachukua kitambaa, anafuta, anaanza upya. Kushika penseli kwa vidole vitatu na kuitembeza kwa utulivu ni jambo ambalo watoto wengi hulifikia kati ya miaka minne na nusu na sita. Kwa kawaida mtoto wa miaka mitatu anaweza kunakili duara, wa minne alama ya kujumlisha, wa karibu mitano mraba, na pembetatu inakuja baadaye kidogo. Jiulize, mtoto ambaye mistari ya mshazari bado inamshinda, herufi K na M na Z anaziandikaje? Anaziandika kwa kukamata penseli kwa ngumi, ulimi nje, huku dada wa chekechea akimshika mkono. Kisha miaka mingi baadaye tunalalamika mwandiko wake mbaya.

Swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani. Maria Montessori, aliyeanzisha njia hii, alikuwa daktari, miongoni mwa wanawake wa kwanza Italia kuhitimu udaktari, mwaka 1896. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa vibarua. Wazazi walikuwa wakishinda kazini, watoto wakabaki kuzurura kwenye ngazi na kuchafua kuta, na wenye majengo wakaona ni nafuu kuwatafutia chumba na mtu wa kuwaangalia. Watoto walikuwa hamsini na kitu, na aliyewekwa kuwalea hakuwa hata mwalimu: alikuwa binti wa bawabu wa jengo. Leo jina hilohilo limekuwa sababu ya kupandisha ada. Historia ina utani wake.

Miezi ilipopita, akina mama wa San Lorenzo, wengi wao wasiojua kusoma, walimwendea Montessori na ombi: watoto wetu wafundishe kusoma na kuandika. Ni kama lako. Yeye mwenyewe alidhani ni mapema mno, lakini akakubali, akatengeneza herufi za karatasi ya msasa zilizobandikwa kwenye kadi. Mtoto anapitisha vidole juu ya herufi kwa njia ileile ambayo mkono ungeiandika, huku akitamka sauti yake. Kulikuwa pia na herufi za kukata, za kupanga maneno mezani bila kuandika. Siku moja ya Desemba yenye jua, Montessori yuko juu ya paa na watoto, akampa chaki mvulana wa miaka kama mitano amchoree bomba la moshi. Mtoto akachora. Kisha akatulia kidogo, akapiga kelele kwamba anajua kuandika, akaandika sakafuni mano, yaani mkono, halafu camino, bomba la moshi, halafu tetto, paa. Hakuwa amewahi kufundishwa kuandika neno. Siku zilizofuata wenzake nao walianza, wakawa wanaandika sakafuni, milangoni, mpaka kwenye mikate.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kina jambo ambalo shule nyingi za kwetu zinalipita bila kuliona. Kiitaliano kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Na Kiswahili ni hivyohivyo, pengine zaidi: irabu tano zisizobadilika, silabi ambazo karibu zote huishia kwa irabu, herufi mbili q na x hazina kazi, c haisimami bila h. Mtoto akishajua sauti za m, k, n, t na irabu, anaweza kupanga mezani mama, kaka, nata, mkono, mkeka, na yeye mwenyewe akashtuka kwamba ameandika. Kiingereza hakimpi zawadi hiyo. Ndiyo maana Montessori wa Kiingereza wana mlolongo mrefu wa kadi za rangi za kumpitisha mtoto kwenye maneno yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile, na shule zetu za Kiingereza zinaagiza mlolongo huo kama ulivyo, kwa mtoto ambaye nyumbani anaongea Kiswahili tangu alfajiri. Ningekuwa wewe, ningeuliza shuleni: herufi za msasa mnazifundisha kwa sauti au kwa jina? Na mtoto akianza kupanga maneno, anapanga ya lugha gani? Asomeshwe kwanza lugha anayoisikia. Kiingereza aimbe, aongee, asikilizie hadithi. Kusoma kwake kutakuja kwa urahisi mtoto akishajua kwamba maandishi ni sauti.

Tuje kwa hoja ya shemeji kuhusu kuosha vyombo, maana ameishika nusu. Nyumbani tunaosha vyombo ili viishe. Mtoto akisogea tunamwambia toka utavunja, au tunamnyang'anya kwa sababu daladala inapita. Mtoto wa miaka minne anaosha ili aoshe. Ataisugua meza ile ile safi mara tano kwa sababu mwendo wenyewe ndio anaoutafuta. Shule inayojua inachofanya humpa meza ya kimo chake, karai analoweza kulibeba, hatua alizoonyeshwa polepole na kwa maneno machache, na muda usiokatwakatwa. Kuosha vyombo kwa haraka nyumbani, ambako mtoto haachiwi ajaribu, hakuko sawa na huko. Lakini kama shuleni kwao watoto wanaosha vyombo vya chai ya walimu, hapo shemeji ana haki yote.

Na hapa ndipo ninapotaka msimame nyote wawili. Jina la Montessori halina mwenyewe. Kuna chama alichokianzisha yeye mwaka 1929, na Tanzania kuna vyuo vinavyofunza walimu wa mkondo huu, vingine vikiendeshwa na masista wa Kikatoliki kwa miaka mingi. Lakini mtu yeyote anaweza kupaka ukuta rangi, kuandika jina hilo getini na kuanza kupokea ada. Nimeona vifaa kamili vya mbao vimefungiwa kabatini, vinatolewa akija mgeni. Nimeona pia kinyume chake, ambacho ni kibaya vilevile: watoto wameachiwa chumba kizima cha zana, mwalimu amekaa pembeni na simu, na mzazi anaambiwa huo ndio uhuru wa mtoto. Huo ni utelekezaji. Mtoto anachagua kazi kati ya zile alizokwisha kuonyeshwa, na mwalimu anajua kwa nini amemwonyesha hii leo na ile anaiweka mpaka wiki ijayo.

Halafu kuna shule za nusu kwa nusu, ambazo huku ndizo nyingi: asubuhi shanga na msasa, kuanzia saa nne karatasi za kujaza ili mzazi aone kitu. Profesa Angeline Lillard wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alichapisha mwaka 2012 utafiti uliolinganisha madarasa ya Montessori ya namna hii, yaliyochanganya na vifaa vingine pamoja na karatasi za kujaza, na yale yaliyofuata njia yenyewe kikamilifu, na shule za kawaida. Waliosonga mbele zaidi ndani ya mwaka ule walikuwa wa madarasa kamili. Kwa hiyo ukienda kulalamika na wao wakakupa daftari kukunyamazisha, huenda umeharibu ulichokilipia.

Kwa hiyo nenda ukakae. Omba ruhusa, chukua kiti cha pembeni, usimsemeshe mtu, kaa saa nzima; shule inayokukatalia moja kwa moja mzazi kuingia darasani, nina shaka nayo. Usitazame kuta wala rangi za zana. Chagua watoto watatu, binti yako awe mmoja wao, uwafuate kwa macho. Je, kuna wakati ambapo mtoto ameinama juu ya kazi yake kiasi kwamba mwenzake akipita hamwoni? Akimaliza anairudisha mahali pake, au mwalimu ndiye anayezunguka kukusanya? Ni mara ngapi mwalimu anamkatiza mtoto aliyezama, hata kwa kumsifu? Wakubwa na wadogo wamechanganywa, wa miaka mitatu hadi sita pamoja, au wametengwa kwa umri? Wapo watakaokuwa wanazurura. Mmoja au wawili si ajabu, hasa wageni. Nusu ya darasa ikizurura, au wote wamekaa wanaimba kwa pamoja saa nzima, umeshapata jibu. Hesabu pia watoto. Mwongozo wa Tanzania kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na wote tunajua shule nyingi za serikali ziko mbali sana na hapo. Shule ya kulipia haina kisingizio hicho.

Wala usidhani mambo haya yanahitaji vifaa vya Ulaya. Pwani yetu ina mfano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia shule ya msingi wakiwa nyuma, na mradi ulioanza huko mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan Foundation ukaunganisha chekechea na madrasa. Aliyeuongoza tangu mwanzo alikuwa mwalimu wa hapohapo, Bi Swafiya Said. Ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Njia waliyoichukua haikuwa ya Montessori, ilikuwa ya HighScope kutoka Michigan, ambayo mtoto husema kwanza anataka kufanya nini, anafanya, kisha anaeleza alichofanya. Darasa liligawanywa kona, na kona zikajazwa vitu vya mtaani: vifuu, makombe, vizibo, mbegu, mabaki ya mbao ya fundi seremala. Dini ikawemo, maadili yakawemo, wazazi wakawa ndio kamati. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura na wenzake ilikuta watoto wa chekechea hizo wamewapita waliobaki nyumbani, na pia wamewapita wa chekechea nyingine. Kona za kujifunzia unazozisikia leo kwenye mtaala wa awali wa Tanzania zinafanana na hizo.

Kuhusu darasa la kwanza. Ushahidi ninaouamini zaidi ulitoka Milwaukee, Marekani, mwaka 2006, kwa sababu watoto walikuwa wameingia shule ya Montessori ya serikali kwa bahati nasibu. Walioshinda walilinganishwa na walioshindwa, kwa hiyo huwezi kusema ni wazazi wenye bidii tu. Wakiwa na miaka mitano, wale wa Montessori walikuwa mbele katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu za kutatua tatizo, na katika kujizuia na kubadilisha mawazo pale kazi inapotaka hivyo. Nisikufiche upande wa pili: kwa watoto wa miaka 12 tofauti ya kusoma na hesabu haikuonekana, iliyobaki ilikuwa katika utunzi na namna ya kuishi na wenzao. Na Milwaukee si Tanga.

Shida atakayokutana nayo binti yako darasa la kwanza, kwa uzoefu wangu, mara chache huwa kusoma. Ni kukaa. Ametoka mahali anapoinuka na kuchagua, anaingia chumba cha watoto sabini, dawati moja wanne, nakili ubaoni, usiulize mpaka uulizwe. Wengine huonekana wakaidi wiki za mwanzo. Kwa hiyo muhula wake wa mwisho wa awali, si sasa, ndio umwombe mwalimu amzoeshe kunakili kutoka ubaoni, kuandika juu ya mstari, na kuinua mkono. Mkono ulio tayari hujifunza mambo hayo kwa muda mfupi sana, na tangu 2015 darasa la kwanza na la pili lenyewe limejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo hakuna anayetarajiwa kuingia akiwa amemaliza.

Nyumbani, ile pesa ya tuisheni nunua jagi dogo la plastiki na kisu cha siagi kisichokata. Uji wake ajimiminie. Ndizi aimenye na kuikata yeye. Jumamosi akae nawe achambue mchele: mawe huku, chenga kule, na vidole vile viwili anavyookotea changarawe ndivyo vitakavyoshika penseli. Chakula cha jioni yeye ndiye apange sahani, na umuulize akija shangazi zitahitajika ngapi. Kama kuna watoto wakubwa wanaocheza mdako uani, mwache akae hapo hata kama kete zinamshinda. Kurusha moja na kuzoa tatu kabla haijashuka ni hesabu na ni mkono kwa pamoja. Na lile swali la "leo umefanya nini" libadilishe, mtoto wa umri huo hana namna ya kukuelezea. Mwambie akuonyeshe. Mpe maji na vikombe viwili mbele ya baba yake, mkae kimya.

Ukishakaa darasani, kabla hujaondoka mwombe mwalimu wake dakika tano, umuulize mambo mawili tu: kwa sasa binti yangu anahangaika na nini, na unapanga kumwonyesha nini baada ya hapo? Akikujibu kwamba mtoto yuko vizuri, anaendelea vizuri, mchangamfu sana, tafuta shule nyingine muhula ujao, hata ikiwa ya serikali yenye mwalimu anayejali. Akikwambia kwamba anashika mkasi kinyumenyume, fimbo ya sita na ya saba bado anazichanganya, na wiki ijayo nataka nimwonyeshe herufi m na a, lipa ada umwache hapo.